Masta ya fedha London: mdogo wangu kakataliwa kotekote, tunakosea wapi?

Shikamooni wakubwa, na wengine habari zenu.

Mdogo wangu yuko Dar. Kamaliza B.Com Mlimani kwa GPA ya 4.1, sasa ana miaka mitatu benki, idara ya mikopo. Mwaka jana aliomba masta ya fedha vyuo vitatu vya London, vyote vikamkataa kwa barua za mistari minne zisizosema sababu. Kaanza kudai wanachukua watoto wa wakubwa tu. Nisaidieni kabla hajakata tamaa.

Dada wa Coventry

---

Dada, mpe pole. Mimi msimu wa kwanza nilikataliwa, wa pili nikapata, na katikati hapo sikuongezeka akili. Nilichojifunza ni kwamba anayesoma faili lako hajui kwenu kukoje, na hana muda wa kuuliza.

Hiyo 4.1 ni kati ya 5. First class inaanzia 4.4. Wamarekani wanaishia 4. Aandike "4.1 kati ya 5.0" kila mahali, asimwachie mtu akisie. Hesabu nazo: transkripti inasema "Business Mathematics" basi, msomaji atajuaje ndani mlisoma nini? Aorodheshe mada zenyewe, halafu GMAT, mtihani wa kuombea masta za biashara, imalizie ubishi. Siku hizi alama zake ni 205 hadi 805, sehemu tatu za dakika 45. Wanaomtisha kwamba bila 700 asijisumbue wanasema mtihani wa zamani. 645 ya sasa ndiyo inakaribiana na hiyo 700 yao.

Ila kilichoniangusha hasa ni barua ya maombi. Ya kwanza ilianza: "Tangu utotoni nimekuwa na shauku kubwa ya masuala ya fedha." Uongo mtupu. Utotoni shauku yangu ilikuwa chandimu. Ya pili nikaanza na faili la mkopo wa mnunuzi wa pamba Shinyanga. Dhamana anayo, biashara anayo, lakini tulimpangia marejesho ya kila mwezi wakati pesa yake inaingia msimu mmoja. Mwezi wa nne akakwama. Kosa lilikuwa kwenye ratiba yetu, na mimi ndiye niliyeichapa. Kuanzia hapo nikaeleza ninachotaka kujua kuhusu kupima hatari ya mkopo kama ule, na ni somo gani chuoni kwao linafundisha hilo. Miaka mitatu ya mikopo, mdogo wako hakosi faili la namna hiyo. Jina la mteja asilitaje tu.

Kaka wa Reading

---

Naongezea machache. Aangalie programu inamtaka nani. London Business School, kwa mfano, wana Masters in Finance ya waliokwisha kufanya kazi, na Masters in Financial Analysis ya waliotoka chuoni juzi. Ukigonga mlango usio wako, hata GMAT nzuri haikuokoi.

Wadhamini: profesa aliyefundisha watu mia tatu hamkumbuki. Bosi wake wa mikopo atamwandikia vizuri zaidi, barua ya pili ndiyo itoke chuoni.

Chevening, ufadhili wa serikali ya Uingereza, inataka saa 2,800 za kazi, anazo, ila akimaliza lazima arudi nyumbani miaka miwili. Na kama kaoa, wakae waongee mapema: tangu Januari 2024 mwanafunzi wa masta ya kufundishwa (si ya utafiti) asiyedhaminiwa na serikali haleti mke wala watoto kwa viza yake.

Mama wa Leeds

---

Ahsanteni sana. Nimempigia. Kumbe maombi yote aliyatuma mwishoni mwa Aprili, nafasi zimeshajaa! Mwaka huu anaanza kuomba Oktoba.

Na barua yake, wallahi, inaanza "Tangu utotoni". Nilipomsomea habari ya chandimu alicheka, halafu akanyamaza. Jana usiku kanitumia mwanzo mpya: mwenye boti ya uvuvi Kilwa aliyekuja kuomba mkopo wa injini. Mkiniruhusu nitaubandika hapa muuchambue.

Dada wa Coventry