Chai ilishuka bei, halafu Wamarekani wakaanzisha vita ya uhuru. Inakuwaje?

Dada_wa_Tandika
Habari za jioni wanajamvi. Mdogo wangu ananisumbua na swali la historia. Kitabu chake kinasema Wamarekani walimwasi Mwingereza kwa sababu ya kodi. Sawa. Lakini kasoma mahali kwamba mwaka 1773 chai ilikuwa inashuka bei, na ndiyo hiyo waliyoitupa baharini. Huku kwetu sukari ikishuka mia mbili watu wanapanga foleni dukani. Mwenye kuelewa anisaidie.

Mzee_Forodha
Binti, nimetoa mizigo bandarini Dar tangu enzi za karatasi za kaboni, kwa hiyo nakujibu kwa macho ya mtu wa forodha.

Anzia 1763. Mwingereza kamshinda Mfaransa kwenye Vita ya Miaka Saba, lakini deni lake limetoka pauni milioni 75 hivi hadi zaidi ya milioni 130, na bado anataka kuweka askari kama 10,000 Amerika. Akasema wanaolindwa wachangie. Mimi silioni kosa hapo.

Mwaka 1764 akapunguza ushuru wa molasesi (maji mazito ya miwa) kutoka peni sita kwa galoni hadi tatu. Umeona? Kodi imepungua nusu, watu wamekasirika. Kwa sababu ile ya peni sita karibu hakuna aliyekuwa akiilipa, wenye meli walimalizana na ofisa palepale gatini. Hii ya peni tatu ilikuja na manowari za kuilinda. Ukikamatwa na magendo, kesi inaweza kupelekwa Halifax, mbali kabisa na kwako, mbele ya jaji peke yake bila wazee wa baraza, na wewe mwenye mali ndiye unayetakiwa kuthibitisha kwamba mzigo ni halali.

Stempu za kodi za 1765 (kwenye magazeti, hati, leseni, hata karata za kuchezea) sitazichambua sana. Mawakala wa kuziuza walitishwa hadi wakajiuzulu, na sheria ikafutwa 1766. Ila siku ileile Bunge la London likapitisha sheria nyingine: tuna mamlaka ya kuwatungia sheria katika jambo lolote. Weka akilini hiyo.

Sasa chai, mwaka 1773. Kampuni ya India Mashariki ya Waingereza ilikuwa imejaza maghala London. Ikaruhusiwa kupeleka chai moja kwa moja Amerika kupitia mawakala wachache iliowachagua. Bei ikashuka kweli, lakini ndani yake mna ushuru wa peni tatu kwa ratili, na wafanyabiashara wengine wote, wa halali na wa magendo, wamekatwa. Boston, bandari ya koloni la Massachusetts, wawili kati ya mawakala hao walikuwa watoto wa gavana Hutchinson!

Meli ya Dartmouth iliingia 28 Novemba. Sheria ilisema ushuru usipolipwa ndani ya siku 20, forodha wanashika mzigo. Mwenye meli akaomba arudi nao Uingereza, forodha wakamnyima kibali cha kuondoka, gavana naye akamnyima. Aliyewahi kusimama getini huku siku za storeji zinahesabika anaijua hali hiyo. Usiku wa tarehe 16 Desemba ndio uliokuwa wa mwisho, na usiku huohuo masanduku 342 ya meli tatu yakamwagwa baharini. Wangelala, asubuhi forodha wanashika chai, inauzwa, na kodi imelipwa, yaani wamekubali ile sheria ya 1766 kwamba London ina mamlaka juu yao.

Mwalimu_Mbagala
Shikamoo mzee. Bandari umeieleza, lakini hapo bado hatuna vita, tuna chai baharini. Vita ililetwa na adhabu. Kuanzia 1 Juni 1774 bandari ya Boston ikafungwa hadi chai ilipwe, na katiba ya Massachusetts ikabadilishwa, mikutano ya miji ikabanwa. Makoloni mengine yakaona kesho ni zamu yao. South Carolina walituma mchele Boston. Septemba, wajumbe wa makoloni 12 kati ya 13 wakakutana Philadelphia. Risasi zikalia Lexington 19 Aprili 1775, askari wa Mwingereza wakienda kukamata silaha Concord. Na hata hapo bado walimwandikia mfalme kumsihi, lakini yeye akawatangaza waasi. Uhuru ukatangazwa Julai 1776.

Mzee_Forodha
Marahaba mwalimu. Nakubali.

Kaka_Ilala
Mnawasifia sana. Waliolalamikia utumwa wa kodi walikuwa na watumwa wao shambani. Novemba 1775 gavana wa Virginia, Dunmore, aliwaahidi uhuru watumwa wa waasi watakaopigana upande wa mfalme, na wengi walikimbilia kwake. Pia asije mtu akafananisha na Maji Maji ya kwetu. Wamatumbi waliong'oa pamba Julai 1905 walikuwa na kodi ya nyumba ya rupia tatu na viboko juu, bila baraza lolote la kupeleka malalamiko.

Dada_wa_Tandika
Asanteni sana. Dogo anauliza tena: baada ya uhuru kodi ilipungua?

Mzee_Forodha
Wapi! Massachusetts walipandisha kodi ili kulipa deni la vita, na mwaka 1786 wakulima wakaasi, Daniel Shays akiwa mmoja wa viongozi wao. Mwaka 1794 wakulima wa magharibi mwa Pennsylvania wakagomea ushuru wa pombe, na Rais Washington, yuleyule jenerali wa vita ya uhuru, akakusanya askari zaidi ya 12,000 kwenda kuwatuliza.