Mfumo wa SACCOS umekatwa vipande 27: nani alipima umeme kabla ya kuamua?

Ndugu wanajukwaa, nimevumilia kwa miezi minane na sasa nimechoka, kwa hiyo naomba kuyaweka malalamiko yangu mbele ya wenzangu wa fani.

Ninaandika programu katika kampuni moja hapa Dar es Salaam inayohudumia vyama vya akiba na mikopo. Hadi mwaka jana mfumo wetu ulikuwa programu moja yenye hifadhidata moja, ukikaa kwenye seva mbili katika chumba chetu wenyewe, ya pili ikiwa ya akiba. Ulikuwa na kasoro zake, lakini mwanachama aliyeuliza salio alijibiwa papo hapo. Kisha akaletwa mshauri ambaye hakuufungua msimbo wetu hata siku moja, akatangaza kwamba umepitwa na wakati na ni lazima ukatwe uwe maikroservisi, yaani programu ndogondogo zinazojitegemea, kila moja ikiwa huduma yake, zinazowasiliana kwa mtandao. Leo tuna huduma 27 na seva 5, na waandishi wa programu ni walewale 6. Katika vikao vyote vya uamuzi huo, hakuna aliyeuliza umeme utaliwa kiasi gani.

Chukueni hilo swali la salio. Zamani kipande kimoja cha programu kiliita kingine ndani ya kumbukumbu ileile, kazi inayohesabiwa kwa nanosekunde, yaani sehemu za bilioni za sekunde. Sasa ombi linaingia langoni, linapelekwa kwenye huduma ya utambulisho, kisha ya wanachama, ya akaunti, ya viwango vya riba, na kuendelea hadi zitimie huduma 9. Katika kila hatua data inakunjwa kuwa JSON (muundo wa maandishi wa kubadilishana data), inasimbwa, inasafirishwa, inasimbuliwa na kukunjuliwa, ili isomwe tarakimu moja tu, kisha safari inaanza upya. Kwenda na kurudi mtandaoni ndani ya kituo kimoja cha data huchukua takriban nusu milisekunde, yaani maelfu ya mara zaidi ya ule mwito wa ndani, na huko kukunja na kukunjua kote kunafanywa na prosesa inayokula umeme.

Kinachoniuma zaidi ni umeme unaoliwa bila kazi. Kila huduma ina mashine yake ya Java (si kompyuta, bali programu inayoiendesha), inashika mamia ya megabaiti za kumbukumbu, inashikilia miunganisho yake na hifadhidata, na inaulizwa kila sekunde 10 kama iko hai. Saa nane usiku, mwanachama hata mmoja hayumo, nilisimama mbele ya UPS, kifaa cha betri kinachozilinda seva umeme ukikatika, nikasoma kioo chake: wati 1,100. Katika daftari langu la mwaka jana, saa kama hiyo, niliandika wati 400. Barroso na Hölzle wa Google waliandika mwaka 2007 kwamba seva nyingi hufanya kazi kwa asilimia 10 hadi 50 ya uwezo wake, na kwamba hata seva iliyoundwa kubana matumizi hula karibu nusu ya umeme wake wa juu ikiwa imekaa bure. Sisi tumenunua seva tatu zaidi ili zikae bure.

Umeme ukikatika, betri zilizokuwa zikituvusha dakika 50 sasa zinaishia kwenye robo saa, na jenereta linawashwa. Uongozi ukazilaumu betri, ukanunua mpya!

Na kasi je? Ikiwa kila huduma inachelewa mara 1 katika 100, ombi linalopita huduma 9 litakutana na ucheleweshaji karibu mara 9 katika 100. Hesabu hii si ngeni; Dean, naye wa Google, na Barroso waliieleza mwaka 2013, wakaonyesha kwamba ombi linalotegemea seva 100 za namna hiyo huchelewa mara 63 katika 100.

Nikilalamika najibiwa kwamba Netflix, kampuni ya kuonyesha filamu mtandaoni, wanafanya hivyo. Netflix walianza kuhama mwaka 2008 baada ya hifadhidata yao kuharibika, wakamaliza mwaka 2016, wakiwa na mzigo wa dunia nzima. Sisi tunahudumia vyama ambavyo wanachama wake wote hawajai uwanja wa mpira. Mbona hamuwataji Prime Video, huduma ya video ya Amazon, ambao mwaka 2023 walieleza kwamba kitengo chao cha kukagua ubora wa picha na sauti kiliviunganisha vipande vyake kuwa programu moja na kupunguza gharama za miundombinu kwa zaidi ya asilimia 90?

Sipingi kukata palipo na sababu. Utumaji wa ujumbe mfupi mwisho wa mwezi hutuzidi nguvu kweli, na huo ningeutenga hata kesho. Lakini kuzitenganisha akaunti na riba zake, vitu visivyoweza kujibu swali lolote kimoja bila kingine, ni kuwabebesha wanachama gharama ambayo hawakuiomba.

Ninachodai kazini kwangu ni kwamba huduma hizi zirudishwe ziwe 3, na mita ya umeme ifungwe kwenye kabati la seva kabla ya kuziunganisha na baada yake. Kama kuna mdau hapa aliyewahi kupima umeme kwa kila maombi 1,000 katika mifumo yote miwili, naomba aweke namba zake hapa, kwa sababu kikao kijacho ni Jumatatu na sitaki kwenda na daftari langu peke yake.