Kurudi Kisumu na gari kubwa: watu watakusomaje?

Kutoka: Mwana Nyakach, Dallas

Ndugu zangu, hamjambo. Mimi na mama watoto tumekata shauri, Disemba tunarudi nyumbani kabisa. Nyumba ya Mamboleo, pale Kisumu, imefika kwenye rangi, watoto wamepata shule, kontena tunalijaza Oktoba. Kilichobaki ni gari, na hapo ndipo tumekwama.

Hapa naendesha Mercedes GLE. Usukani wake uko kushoto, kwa hivyo Kenya haliingii. Lakini sheria inamruhusu mkazi anayerejea aliuze la kushoto, anunue la usukani wa kulia lenye thamani sawa au chini yake, alilete bila ushuru. Masharti nimeyatimiza: nimeishi nje zaidi ya miaka miwili, gari nimelimiliki na kulitumia zaidi ya mwaka, na katika miaka hiyo miwili sikukaa Kenya zaidi ya siku 90. Naweza basi kuchukua GLE nyingine kutoka Uingereza, au Land Cruiser kutoka Japani, mradi lisizidi umri wa miaka 8.

Mama watoto hataki. Anasema tukiingia kijijini Nyakach na gari la namna hiyo tutaacha kuwa watu, tutakuwa benki. Mimi nimepiga zamu za usiku miaka mingi, na naona gari zuri ni jasho langu halali. Tena nyinyi mnaijua barabara ya kwetu. Mvua ikinyesha, udongo mweusi ule hauna huruma na gari la chini.

Naomba maoni ya waliorudi na wanaojiandaa kurudi. Huku najua mwenye gari la kifahari anatazamwaje. Nyumbani nimepoteza kipimo.

Kutoka: Dada wa Section 58 Nakuru, Leicester

Kaka wa Nyakach, hongera kwa uamuzi wa kurudi. Nitasema wazi kwamba niko upande wa mama watoto, ingawa sababu yangu si wivu wa watu. Wivu upo kila mahali na mtu huuzoea. Kinachonisumbua mimi ni hesabu watakazokupigia.

Chukua Land Cruiser V8 ya petroli. Injini ikizidi cc 3000, mnunuzi wa kawaida hutozwa ushuru wa forodha asilimia 35 ya thamani ya gari, halafu ushuru wa bidhaa asilimia 35 juu ya jumla hiyo, halafu VAT asilimia 16 juu ya hizo zote. Gari la shilingi milioni 4 linapofika Mombasa linakuwa limekaribia milioni 8 na nusu, kabla ya ada ndogondogo na faida ya mwenye yadi. Wewe umesamehewa kodi hizo. Umelipa milioni 4. Lakini jirani yako anaijua bei ya yadi, na haujui msamaha wako. Pale Nakuru, vijana wanaokaa stendi wanaweza kukutajia bei ya gari lolote linalopita Kenyatta Avenue, na hawakosei sana. Kwa hivyo wewe unashuka kwenye gari la milioni 4, wao wanamwona mtu wa milioni 9 au 10. Nusu ya utajiri wanaokusomea haijawahi kupita mikononi mwako, na hiyo nusu utadaiwa vilevile.

Ubaya ni kwamba msamaha wenyewe unatusukuma huko. Ukileta Vitz unaokoa kidogo, ukileta V8 unaokoa mamilioni. Mtu anajiambia nafasi ni moja tu, mbona niitupe kwa kigari? Naielewa hiyo hoja, hata mimi imenizungukia kichwani. Lakini hakuna anayeweka kwenye hesabu gharama ya kusomwa vibaya, na hiyo hulipwa kila wiki.

Nikueleze nilichokiona kwa macho yangu. Shemeji yangu alienda kutazama ploti kule Ngata, akaazimwa Prado na rafiki yake ili asichelewe. Mwenye ploti alikuja, akasalimia vizuri, lakini macho yake hayakuwa kwa shemeji. Alisoma nambari ya gari kwanza, akaona ni KD ya herufi za juzijuzi. Akazunguka nyuma polepole, akagusa tairi kwa ncha ya kiatu, akachungulia ndani akaona viti vya ngozi. Ndipo akataja bei. Wiki iliyofuata mama mkwe alimtuma kijana wa jirani kwa bodaboda, ploti hiyohiyo, bikoni zilezile. Bei aliyorudi nayo ilikuwa chini sana ya ile ya kwanza, na bado ilikuwa na nafasi ya kupunguzwa.

Sasa zidisha hilo mara fundi, mara wa kuchimba kisima, mara harambee ya hospitali. Mtu wa Vitz akitoa 2,000 watasema amejitahidi, Mungu ambariki. Wa V8 akitoa 10,000 watamwita mchoyo, na watasema hivyo kwa moyo safi kabisa, kwa sababu kwa kipimo chao kweli ametoa kidogo.

Huku Leicester hukumu ni ya aina nyingine. Majirani wanajua magari mengi ya mtaani yanalipiwa kila mwezi, hakuna anayekudhania tajiri. Watakuona mwenye majivuno, basi, na hawatakuomba kitu. Ila kwetu sisi weusi kuna swali la ziada. Mume wangu amewahi kusimamishwa na askari akaulizwa gari ni la nani, akiwa amevaa sare ya kazi, na mtoto amekaa nyuma. Swali la "umelipata wapi?" nilidhani nitaliacha huku. Sivyo. Nyumbani kijana akishuka kwenye gari zito na kazi yake haijulikani, kabla hajafunga mlango washasema ni wash wash, mtu wa pesa za utapeli. Tofauti ni kwamba nyumbani swali hilo lina mwenzake: "na sisi je?" Huku hakuna anayeliuliza hilo. Ndiyo maana kwa mtu anayerudi kuishi, si kutembea Krismasi na kuondoka, ninaliogopa gari kubwa.

Kutoka: Kijana wa Bungoma, Helsinki

Dada amesema kweli. Niongeze kidogo kuhusu wageni wasiotujua, maana hapa mjini kuna mtafiti aliyelichunguza jambo hili. Jan-Erik Lönnqvist wa Chuo Kikuu cha Helsinki na wenzake waliwahoji wenye magari 1,892 hapa Finland. Walikuta kwamba wanaume wabishi, wakaidi na wasiojali wenzao hupenda zaidi Audi, BMW na Mercedes. Hapo ndipo watu wengi huishia kusoma, wanafurahi kwamba walikuwa wanajua. Lakini utafiti huohuo ulikuta pia watu waadilifu, wenye mpangilio na bidii, wanaume kwa wanawake, nao huyapenda magari hayohayo. Anayekutazama kwenye taa za barabarani hawezi kujua wewe ni yupi kati ya hao wawili.

Kuna jingine la zamani kutoka California. Mwaka 1968 Anthony Doob na Alan Gross walichapisha jaribio ambalo gari lilisimama kwenye taa ya kijani na kukataa kusonga, mara gari ghali, mara gari kuukuu. Waliokuwa nyuma walipiga honi haraka zaidi kwa lile kuukuu. Wanafunzi wa kiume walipoulizwa wangefanya nini, walisema wangelipigia honi mapema lile ghali. Mdomo unadharau, mkono unaogopa. Ukienda stendi ya Bungoma utayaona yote mawili: bodaboda wanaisogelea Probox hadi wanaigusa, V8 wanaipisha kama ya mheshimiwa, na ikishapita ndipo maneno yanaanza. Kwa hivyo, kaka, heshima utakayopata barabarani usiichukue kuwa ni kupendwa.

Kutoka: Mzee wa Maseno (zamani Seattle)

Omera, nimesoma yote. Nimerudi, na naendesha Prado, kwa hivyo naandika kutoka ndani ya jambo lenyewe.

Dada wa Nakuru ana haki kwa habari ya hesabu. Lakini hajataja upande wa pili, na upande huo unauma zaidi. Mtu akirudi kutoka majuu baada ya miaka mingi, akashuka kwenye matatu ya Luanda na begi moja, atahukumiwa pia. Watasema alishindwa. Watauliza alienda kufanya nini huko. Mama yake atasikia hayo kisimani, na yeye ndiye atakayeumia, maana alimsindikiza mtoto kwa maombi ya kanisa zima. Wewe unaweza kusema maneno ya watu hayakuhusu. Mama yako hawezi. Kwa hivyo usidhani kigari kidogo kitakununulia amani.

Nilichojifunza ni kwamba gari watu hulisoma siku ya kwanza, na baada ya hapo husoma linafanya nini. Usiku mmoja jirani alishikwa na uchungu wa kujifungua na mambo hayakuwa sawa. Mvua ilikuwa ya kumwaga, pikipiki zote zilikataa. Tulimlaza kiti cha nyuma, dada yake akimshika mabega, mimi nikishuka mteremko kwa gia ya chini, tukamfikisha hospitali ya Russia pale Kisumu. Tangu siku hiyo gari langu lina wenyewe. Mtoto yule wanamwita wa Prado hadi leo. Wakati huohuo naye jirani mwingine ana Range nzuri kuliko yangu, anapita na vioo juu, hata watoto wa shule hawapungii mkono. Hana ubaya wowote, ni mtu mpole sana ukikaa naye. Lakini hawajui hilo, vioo viko juu.

Matanga ndiyo mtihani mkubwa. Ukifika umechelewa, gari lako litaelekezwa mbele karibu na hema, kijana atakufungulia mlango, utapewa kiti cha safu ya kwanza, na kabla hujapata maji mshereheshaji ameshakutaja na kipaza sauti kiko mkononi mwako. Hapo huwezi kutoa kidogo. Mimi hufika mapema, naliacha gari shuleni au kanisani, naingia kwa miguu, nakaa na wazee wa rika langu. Mchango wangu huwa umeshafika kwa mweka hazina siku kadhaa kabla, kiasi kilekile kwa kila msiba wa kijijini, na kingine kwa msiba wa ukoo. Walinung'unika mwanzoni. Sasa wanajua kiwango changu na hakuna anayenivizia.

Mawili ya gari lenyewe. Toyota utapata fundi na spea kuanzia Kisumu hadi Busia. Gari la Ulaya lenye shokapu za hewa na kompyuta nyingi, likigoma, jiandae kulibeba hadi Nairobi. Pili, gari la msamaha huwezi kuliuza vivi hivi, ukiliuza unadaiwa kodi ile uliyosamehewa. Ukichoka kutazamwa, bado utakuwa nalo.

Na mwambie mama watoto salamu zangu. Amefikiri vizuri.

Kutoka: Mwana Nyakach, Dallas

Jaduong', dada, ndugu wa Bungoma, asanteni sana. Nimemsomea mama watoto kila kitu jana jioni, na ya mwisho alinifanya niirudie.

Mercedes tumeiacha. Hoja ya shokapu ilinigusa, lakini iliyonimaliza ni ile ya kudaiwa nusu ambayo sikuwahi kuwa nayo. Tutaleta Prado ya dizeli, isiyo mpya sana, kwa sababu ya barabara na kwa sababu ya mama yangu, ambaye ni kweli angeumia kuniona nikishuka kwenye matatu. Kisha tutanunua Fielder hukohuko Kisumu, na hiyo ndiyo itakayokwenda sokoni Kibuye, kwa mafundi na popote penye bei ya kuelewana. Mama watoto ameongeza sharti lake: kiwango cha michango tukiandike kabla hatujapanda ndege, tukubaliane wawili, na ndugu zangu waambiwe na mimi mwenyewe kabla hawajaliona gari. Nimekubali. Kuhusu vioo sihitaji kuambiwa mara mbili.

Limebaki swali la karatasi. Gari la hapa nitaliuza Septemba. Aliyepitia njia hii ya kuuza la usukani wa kushoto na kununua la kulia, KRA, watu wa ushuru, walikubali mkataba wa mauzo na hati ya umiliki iliyofutwa, au waliomba kitu kingine kutoka jimboni? Na Prado ikichelewa bandarini Japani hadi nikawa nimeshafika, nielewavyo siku 90 za kuliingiza gari (si zile za kukaa Kenya) zinahesabiwa tangu ninapotua. Kama kuna aliyeomba kuongezewa muda akapewa, aniandikie alianzia ofisi gani.