Tupeane uzoefu: Mchungaji wa mji mdogo, mtu wa kila mtu

Mleta uzi

Wakuu, kwema? Wiki iliyopita tumemaliza matanga ya mzee wangu. Nimevuka kwa kivuko cha Kamanga kurudi Mwanza mjini na mfuko wa rambo wenye madaftari yake manane, na tangu Jumatatu nakesha nayo.

Mzee alikuwa mchungaji wa Presbiteri kwenye kamji kamoja upande wa Sengerema. Huku kwetu ukitaja mchungaji watu wanawaza AIC, KKKT au Anglikana. Sisi tulikuwa wachache, Jumapili ya mvua hata 30 hatufiki. Lakini usiku nyumba yetu ilikuwa ya mji mzima. Kwenye madaftari sijakuta hubiri hata moja. Nimekuta mistari ya namna hii: "Saa 8 usiku. Uzazi. Pikipiki. Mafuta lita 2." "Msiba. Mbao 6, misumari robo." "Kijana wa mwaloni, barua ya kazi." Jambo likiisha anaupiga ule mstari kwa kalamu nyekundu. Tena kwa rula, wakuu!

Wengi wanadhani mchungaji ndiye bosi. Kwa Wapresbiteri kanisa linaendeshwa na wazee waliochaguliwa na washirika, hata hilo jina limetokana na neno la Kigiriki lenye maana ya mzee. Baba alikuwa anaongoza kikao, ila hana ubavu wa kuamua peke yake. Mwaka mmoja tulipata bati za kuezeka kanisa. Akaomba zianzie zahanati, chumba cha wazazi, maana kilikuwa kinavuja juu ya kitanda. Wazee wakagoma. Mimi nilikuwa nje napepeta choroko, nikamsikia mmoja akisema, "Mchungaji, na Mungu naye ananyeshewa." Wakafunga kwa sala, wakaondoka.

Asubuhi baba akapanda juu ya jiko letu la nje, akaanza kung'oa bati. Mama yuko ndani humo humo anakoroga uji.

Tumepikia chini ya turubai misimu miwili ya mvua. Mama hakusema neno, ila wiki nzima baba alikula dagaa wasiochambuliwa mchanga.

Kama umeishi na mtu wa namna hii, au alikusaidia, au alikuudhi, mwaga hapa.

Mjukuu wa Magu

Pole sana kaka kwa msiba.

Mimi wa kwetu hakuwa Mpresbiteri, ila ni wale wale. Bibi yangu alikuwa na macho mekundu. Waliokulia Usukumani mnajua hiyo ilikuwa na maana gani kwa kikongwe, watu wamekatwa mapanga kwa sababu hiyo tu. Ukweli ni moshi. Miaka yote bibi kapikia mabua ya pamba na mavi ya ng'ombe kwenye kijumba kisicho na dirisha.

Kuku wa jirani wakafa, maneno yakaanza. Mchungaji hakuhubiri habari za uchawi, hata siku moja. Alichofanya, kila Jumapili ibada ikiisha anakuja kukaa na bibi kwenye kigoda pale nje, njia ya watu wanaotoka mnadani, wanakula michembe, vile viazi vitamu vya kukausha, kwenye sahani moja. Anachukua yeye, anachukua bibi. Watu wanapita wanaona. Baadaye akaleta kijana akamjengea bibi jiko la udongo lenye bomba la kutolea moshi.

Bibi alikufa kwa uzee wake, kitandani. Sisi kwetu hiyo ni habari kubwa.

Dagaa wa Ukerewe

Mleta uzi umenikumbusha kisiwa cha Ukara. Kivuko cha MV Nyerere kilipopinduka tarehe 20 Septemba 2018, tukapoteza watu zaidi ya 220, mimi nilikwenda kutafuta shemeji yangu. Vilio kila upande, mtu hujui uanzie wapi. Nikamkuta mchungaji mmoja mtu mzima, kaketi kwenye ndoo iliyopinduliwa, anaandika. Ukifika anakuuliza jina, kavaa nini, ana kovu wapi. Basi. Hakunipa neno la faraja na nilimshukuru kwa hilo, maana maneno yalikuwa yamenichosha. Shemeji tulimtambua kwa mkanda, kwa sababu yule mzee aliniuliza habari za mkanda.

Shemeji alikuwa Mwislamu. Mchungaji mwenyewe ndiye aliyetutafutia shehe, akakaa nyuma kabisa wakati wa kuswali, viatu mkononi.

Mwalimu mstaafu

Wakati wa dawa za kichocho shuleni, wenzangu mnakumbuka ule mti wa kupimia urefu ili kujua mtoto ameze vidonge vingapi? Zile dawa ukimeza na njaa zinakuvuruga tumbo, na watoto wetu wengi walikuja bila kitu. Mchungaji wetu alikuwa anafika saa 12 asubuhi na sufuria la uji kwenye baiskeli. Uji wenyewe ulikuwa mbaya, umeungua. Lakini ulikuwepo.

Sina jina

Naona mnasifia tu. Wa kwetu alikuwa na moyo huo huo ila hana hesabu. Michango ya ada za watoto kadhaa ilipita mkononi mwake, yote kaiweka kichwani. Alipofariki ghafla hakuna aliyejua nani kalipiwa, nani bado. Mimi nilikuwa kidato cha tatu, nikarudishwa nyumbani muhula mzima. Simchukii. Ila mtu mmoja kubeba mji mzima peke yake mimi siiti sifa.

Mleta uzi

Sina jina, nimekuelewa na sibishi. Na sisi watoto wake tuna ya kwetu. Graduesheni yangu hakuja, alikuwa anasuluhisha ugomvi wa nyavu za sangara kati ya watu ambao sasa hivi hata kwenye mazishi hawakuonekana.

Ila ngoja niwaambie nilichokikuta leo mchana. Daftari la tatu, katikati: "Jiko la mama watoto. Bati 12. Deni." Mistari yote ya juu yake na ya chini yake imepigwa wino mwekundu, huo haujaguswa. Na kila alipoanza daftari jipya ameunakili tena ukurasa wa kwanza, mpaka la nane.

Nimempigia mama nikamsomea. Akanyamaza muda, nikadhani mtandao umekata.

Kisha akauliza, "Ameandika 12? Zilikuwa 14."