Redio ya mtaa ikiuzwa Uingereza, nani anaangalia?

Swali:
Wadau naombeni mnieleweshe, Bauer, kampuni kubwa ya redio, mwaka 2019 walinunua redio za mitaa kibao Uingereza kutoka kwa kampuni za Celador, Lincs FM, UKRD na Wireless, halafu Septemba 2020 nyingi zikageuzwa Greatest Hits Radio, mtandao wa Bauer wenye vipindi vingi vya pamoja nchi nzima. Sasa Ofcom, mamlaka ya mawasiliano ya Uingereza, si wapo? Wao kazi yao ni nini?

Jibu:
Mkuu wapo. Wakati wa mauzo hayo, Sheria ya Mawasiliano ya 2003 kifungu cha 355 ilikuwa inawalazimisha kufanya mapitio leseni ya redio ya mtaa ikipata mmiliki mpya mwenye usemi, wakiangalia ubora na aina za vipindi, sura ya stesheni, na mambo ya eneo husika yatabaki kiasi gani. Wakiona wasikilizaji wataumia walikuwa wanaweza kuongeza masharti kwenye leseni. Ila hawazuii mauzo yenyewe, hapo ndo watu wengi wanachanganya.

Jibu:
Naongezea, mauzo yenyewe yalichunguzwa na CMA, mamlaka ya Uingereza ya ushindani wa biashara. Wakapitisha 2020 kwa masharti, shida kubwa ilikuwa FRS, ile kampuni inayouzia redio ndogo matangazo ya kitaifa, maana redio ndogo bila hayo matangazo haitoboi.

Swali tena:
Asante sana wakuu. Ila inaniuma jamani, mafuriko yakija au shule zikifungwa ghafla, mtangazaji aliyeko London atajuaje barabara gani haipitiki?

Jibu:
Ndo maana Ofcom wabane kwenye habari za eneo. Muziki redio wapige wowote.