Umeme wa maji na mazutu (dizeli): nihesabu vipi hewa ukaa ya kinu changu?

Mwenye kinu (Katuba)
Ndugu wasomaji, nina kinu cha kusaga mahindi katika komini ya Katuba, hapa Lubumbashi. Kinaendeshwa na umeme wa mtandao, na umeme ukikatika, mara nyingi jioni foleni ya mabeseni inapoanza kurefuka, nawasha jenereta ya mazutu. Mfadhili wa ushirika wetu anataka kila mwanachama aeleze kiasi cha hewa ukaa anachotoa. Mwezi uliopita nilitumia kilowati-saa 1,200 za mtandao na lita 180 za mazutu. Kikokotozi nilichokikuta kwenye intaneti kinahesabu nusu kilo kwa kila kilowati-saa, yaani umeme umetoa kilo 600, nyingi kuliko mazutu. Yawezekanaje, ilhali umeme wetu ni wa maji? Tena wafanyakazi wanapikiwa bukari (ugali) kwa makala (mkaa wa kuni) uani; nayo yahesabiwe?

Fundi umeme (komini ya Kenya, Lubumbashi)
Yaya (ndugu yangu), kikokotozi hicho kimekupa kitu kama wastani wa dunia, ambao umebeba makaa ya mawe ya China, India na Afrika Kusini. Umeme wa kwetu Katanga hutoka hasa kwenye mabwawa ya Nzilo, Nseke na Inga; ule wa Inga tangu 1982 husafiri kwa waya wa takriban kilomita 1,700 hadi Kolwezi. Ripoti ya 2014 ya IPCC, jopo la Umoja wa Mataifa la mabadiliko ya tabianchi, iliweka kipimo cha kati cha umeme wa maji kuwa gramu 24 kwa kilowati-saa, saruji ya bwawa ikiwemo, na makaa ya mawe gramu 820. Kwa hiyo mtandao wako ni kilo 29 hivi. Lita moja ya mazutu ikiungua hutoa karibu kilo 2.7, na lita 180 ni kilo 486, nazo zimekupa labda kilowati-saa 450 hadi 500 tu. Yaani jenereta yako ni chafu kuliko mtambo wa makaa ya mawe! Angalia ukubwa wake, kwa maana jenereta kubwa inayozungusha mota ndogo hunywa mazutu bure.

Mwalimu wa kemia (Kamalondo)
Hesabu hiyo naikubali, ila gramu 24 si kipimo cha kila bwawa. Miti iliyozama katika ziwa la bwawa huoza pasipo hewa na kutoa gesi ya methani, ambayo kwa uzito ule ule hupasha dunia joto takriban mara 28 ya hewa ukaa katika miaka 100. Inga haina ziwa kubwa, Nzilo inalo. Mtandao wetu pia umeunganishwa na Zambia, na umeme unaonunuliwa kusini waweza kuwa umetokana na makaa ya mawe. Hata hivyo, zidisha 29 mara tano: unapata 145, na mazutu bado yako mbele sana.

Muuza makala (njia ya Kasenga)
Mmeyaruka makala, nayo ndiyo biashara yangu. Kilo moja hudai kilo 5 hadi 10 za kuni, kwa sababu tanuru la udongo hula sehemu kubwa. Mwanzoni moshi hutoka mweupe na mzito, ni maji ya mti. Ukigeuka buluu na kuwa mwepesi, ndipo twajua makala yameiva. Muda huo wote tanuru linatoa methani pia, kabla gunia halijafika kwenye mbabula (jiko la makala) yako. Visiki vya miombo huchipua vyenyewe, ni kweli, lakini pakishalimwa mahindi (hayo hayo unayosaga) havipewi nafasi. Usiandike sifuri.

Mwenye kinu (Katuba)
Asanteni. Makala nitayapima kwenye mizani ya kinu kabla ya kujaza fomu. Nimesoma bati la jenereta: uwezo wake ni kVA 40, na mota ni ya kilowati 11. Fundi, ya kVA 25 itaweza kuiwasha?

Fundi umeme (Kenya)
Itaweza, mradi ufunge swichi ya nyota-delta, ili mota isivute umeme mwingi kwa mpigo inapoanza.