Mjadala: Ni halali kumfuata dikteta hadi ikulu yake?

Mtoa mada, Nyegezi
Wakuu, salaam. Nauleta huku ubishi uliotushinda kijiweni: nchi ina haki ya kuingia vitani kumng'oa dikteta wa nchi nyingine? Huku kwetu Kanda ya Ziwa jibu huwa ni neno moja tu: Amin. Mimi naona Idi Amin, yule dikteta wa Uganda, hatusaidii kama tunavyodhani.

Jamaa alichukua nchi Januari 1971. Alimuua Jaji Mkuu Kiwanuka 1972, Askofu Mkuu Luwum 1977, na makadirio ya waliouawa hufikia 300,000. Hatukupeleka jeshi kwa ajili yao. Septemba 1972 wapiganaji wa Obote, rais aliyepinduliwa na Amin, walivuka kutoka kwetu wakachapwa, na mwezi uliofuata tukasaini makubaliano Mogadishu ya kutochokozana. Tulinyanyuka pale askari wake walipoingia Kagera mwishoni mwa Oktoba 1978, wakaua watu, wakaswaga ng'ombe, daraja la Kyaka likalipuliwa, na Amin akatangaza kuwa takriban kilomita za mraba 1,800 ni zake. Mwalimu Nyerere aliposema sababu, nia na uwezo wa kumpiga tunavyo, sababu yenyewe ilikuwa uvamizi.

Kwa hiyo tulilinda mpaka, halafu tukapitiliza. Nauliza kuhusu huko kupitiliza. Adui kashatoka, karudi ng'ambo ya Mutukula, pale mpakani. Kampala tulifuata nini?

Mzee wa Kirumba
Kijana, unaongea kama mtu ambaye hajawahi kusikia king'ora. Tungesimama Mutukula, angejipanga upya. Walibya walishuka Entebbe kumsaidia, na mwishoni mwa Machi 1979 ndege yao ikaja hapa hapa Mwanza kulipua bohari ya mafuta. Ikakosa shabaha, mabomu yakaangukia kisiwa cha Saanane, yakaua swala. Vijana mkisimuliwa mnacheka. Saanane na Capri Point, mtaa wetu wa mjini, ni pua na mdomo! OAU, Umoja wa Nchi Huru za Afrika, nayo haikumlaani mvamizi, ilitaka tusuluhishwe tu kama watu waliogombania kuku. Halafu Julai, kwenye mkutano wa Monrovia, Numeiri wa Sudan na Obasanjo wa Nigeria wakatusema sisi.

Binti wa Bukoba
Shikamoo mzee. Mtoa mada, wewe unahesabu ubaya wa kwenda tu. Hesabu na ubaya wa kutokwenda. Aprili 1994, mauaji ya Rwanda yamepamba moto, Umoja wa Mataifa ukapunguza askari wake badala ya kuwaongeza. Maiti zikashuka na mto Kagera hadi ziwani. Kule Rakai, upande wa Uganda, wavuvi wakawa wanaopoa watu, na walaji wakawakataa samaki. Kilichokomesha mauaji yale ni RPF, waasi wa Kagame, kushinda vita, Julai. Sasa wewe unayeogopa vita, ungewapelekea nini Watutsi ule mwezi wa Aprili? Barua?

Mtoa mada, Nyegezi
Dada, la 1994 sibishani nalo. Panga limeshainuliwa, anayeweza kuudaka mkono na audake. Mimi linanitisha la kuwawekea wenzako serikali. Kampala ilianguka 11 Aprili 1979. Rais mpya, Lule, akakaa siku 68. Aliyemfuata, Binaisa, hakumaliza mwaka. Ikaja tume ya kijeshi, ukaja uchaguzi wa Desemba 1980 uliolalamikiwa, Obote akarudi, na vita vya msituni vikaigeuza Luweero makaburi hadi Museveni alipoingia Januari 1986. Jeshi letu lilikuwepo Uganda wakati wa uchaguzi ule, tusijifanye wageni. Libya ni yale yale: 2011 Baraza la Usalama liliruhusu kulinda raia, NATO ikapiga hadi Gaddafi akaanguka, na ilipofika 2014 nchi ina serikali mbili zinazopigana.

Mama wa Igoma
Nyie wanaume mmezungumza mizinga tu. Tuliambiwa tufunge mkanda miezi 18. Ikapita, mkanda bado umebana! Sabuni ni foleni, sukari ni foleni, unga wa yanga, ule wa mahindi ya njano, ndio huo, na watoto wanauliza Amin si alishakimbia? Najua mafuta nayo yalipanda bei duniani mwaka ule ule, na Jumuiya ya Afrika Mashariki ilikuwa imeshavunjika 1977, siwezi kuitwika vita kila kitu. Amin kuondoka nilifurahi, nilishangilia. Lakini anayesema vita ni halali ataje na nani atalipa, na kwa miaka mingapi.

Mzee wa Kirumba
Mama, umesema kweli. Ila Waganda wangelipa zaidi kama angebaki. Mtoa mada, hujanijibu: wewe ungesimama wapi?

Mtoa mada, Nyegezi
Ningesimama Masaka, mzee, pale njiani kabla ya Kampala. Ningeshika njia, niwape silaha Waganda wenyewe wamalizie, nchi yao ni yao.

Mzee wa Kirumba
Masaka! Amin yuko ikulu, ndege za Walibya zinatua Entebbe, na wewe umepiga kambi Masaka unawasubiri Waganda wafundishwe kulenga. Haya. Nani mwingine ana ramani yake?